Swichi ya Joto na Makumba ya Bi Mwanasiti

Nilikabidhi funguo za karakana Ijumaa iliyopita. Fundi aliyezipokea aliniuliza kama kuna jambo anafaa kulijua ambalo halimo kwenye daftari la matengenezo. Nikamwambia lipo, ila ni refu, nitaliandika, yeye na vijana wenzake wa karakana walisome. Hili ndilo.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini, wala mameneja wangapi nimewaona wakija na kuondoka. Hayo hata karani anayajua. Nitaandika mwaka wangu wa kwanza na kipande cha wa pili, kwa sababu baada ya hapo sikujifunza jipya kubwa. Nilizeeka tu huku nikifanya yale niliyofundishwa, na mara nyingine nikijifanya nimeyagundua mwenyewe.

Nilifika Diani miaka michache baada ya uhuru, nikitokea kwetu Matuga, nimevaa suruali ya shemeji yangu iliyonizidi kiunoni. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na nilijua jina la kila spana kwa Kiingereza. Hoteli ilikuwa changa, nyumba chache zilizoezekwa makuti, na njia za mchanga katikati. Wageni walikuwa Wazungu waliovuka bahari kutafuta jua. Wakishalipata na kuungua vizuri, walirudi vyumbani na kutaka maji ya moto. Jambo hilo lilitushangaza wote. Kwetu sisi maji ya moto ni ya mzazi aliyejifungua, mgonjwa na maiti. Mtu mzima mwenye afya kukoga maji ya moto saa nane mchana, tena mwezi wa kaskazi, tulidhani ni aina ya adhabu.

Mkubwa wangu alikuwa Fundi Rashidi, mtu wa Mkwiro, aliyefanya kazi miaka mingi ndani ya matumbo ya meli za moshi kabla hajachoka na bahari. Alikuwa mfupi, mkavu, na sikio moja lilikuwa halisikii vizuri kwa sababu ya kelele za mashine za meli. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ukikuta mashine imekufa, utafanya nini kwanza?"

Nikamjibu kwamba nitafungua kifuniko.

"Hutafungua kitu. Utakaa."

Hakuwa akinitania. Alikuwa na kigoda cha mbuzi, cha kukunia nazi, kilichong'olewa meno, na kila alikoitwa alikwenda nacho. Alikiweka mbele ya mashine, akakaa, akauliza habari zake kwa watu waliokuwa karibu nayo. Imeanza lini? Huzimika saa ngapi? Upepo gani ulikuwa ukivuma? Nani aliigusa mwisho? Alisema mashine mbovu ni mgonjwa, na huendi kumtazama mgonjwa ukaanza kumvua nguo kabla hujamjulia hali. Mimi niliyetoka shule niliona ni uvivu wa wazee uliopambwa kwa maneno. Nilikaa kwa adabu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye bisibisi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na mita moja ya umeme yenye kioo kilichopasuka, spana za kutosha, brashi za waya, na chupa ya siki. Nyinyi mna dawa za madukani. Sisi magamba ya chokaa tuliyatoa kwa siki na ndimu, kwa sababu maji ya visima vya pwani hii yanapita kwenye mawe ya matumbawe na kila bomba linageuka jiwe ndani. Zaidi ya chokaa, tulipigana na chumvi. Skrubu uliyoifunga leo inang'aa, ukiirudia baada ya miezi mitatu haitoki mpaka uiombe radhi.

Sasa niwaeleze hita, maana ya namna ile hamkuikuta. Lilikuwa pipa refu la maji, limesimama ndani ya kibanda kidogo cha mawe nyuma ya vyumba vya upande wa kusini. Chini ya pipa palikuwa na moto wa gesi ya mtungi, na pembeni ya moto huo mkubwa paliwaka kimoto kidogo wakati wote, tulichokiita pailoti. Juu palikuwa na dohani ya bati iliyotokeza nje ya paa kutoa hewa chafu. Ukutani, karibu na sakafu, mwashi aliacha matundu ili hewa safi iingie. Na pale moto unapoelekea dohani palikaa swichi ya joto, kidude cha mviringo kisichozidi ukubwa wa shilingi, chenye waya mbili na kitufe chekundu katikati. Mahali pale pakipata joto kupita kiasi, swichi inakata, gesi inajifunga, na moto wote unazima, mkubwa na mdogo. Ikishapoa unabonyeza kitufe na kuwasha upya. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na haina nyingine.

Ukuta wa pili wa kibanda ulipakana na chumba cha shuka. Bomba la maji ya moto lilipita katika tundu la ukuta huo, na tundu lilikuwa kubwa kuliko bomba. Hakuna aliyeliziba, kwa kuwa joto lililopenya lilikausha shuka siku za masika, zisinuke uvundo.

Chumba hicho kilikuwa cha Bi Mwanasiti wa Tiwi, mkubwa wa wahudumu wa vyumba. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mrefu, mtaratibu, asiyependa kelele. Mimi nilikuwa sawa na mwanawe wa kwanza kwa umri, na hivyo ndivyo alivyonichukulia. Kila asubuhi nilimwamkia, na kila asubuhi aliniitikia na kuniuliza kama nimekula. Nikisema bado, alinikatia kipande cha muhogo wake.

Kusi ilipoanza kuvuma mwaka ule, pailoti ikawa inazimwa na upepo. Upepo uliingia kwa yale matundu ya chini na kukipuliza kimoto. Kila kilipozimika, upande wote wa kusini ulikosa maji ya moto, wageni wakamlalamikia meneja, na meneja akamlalamikia Bi Mwanasiti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Wahudumu wake walibeba madebe ya maji ya moto kutoka jikoni mpaka vyumbani, kwenye mchanga, mara kumi kwa siku. Meneja alikuwa Mzungu ambaye Kiswahili chake kilikuwa amri tupu, hakikuwa na sehemu ya kuuliza. Alimwambia Bi Mwanasiti kwamba mambo yakiendelea vile atatafuta mtu mwingine.

Wakati huo Fundi Rashidi alikuwa amekwenda kwao Mkwiro kwenye matanga ya dada yake. Mimi ndimi niliyebaki fundi, na niliupenda sana ukubwa huo wa siku chache.

Nilifanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Kusi ikianza, nyumba zetu huzibwa upande wa kusini kwa makumba, yale makuti ya kusukwa, ili moto wa jikoni usipeperuke. Mama zetu wamefanya hivyo tangu hapo. Nikamwambia Bi Mwanasiti, naye akaniletea makumba matatu aliyoyasuka mwenyewe nyumbani kwake, mazuri, yamebana hata mchanga haupiti. Nikayapigilia misumari kwenye ukuta wa kibanda, juu ya matundu. Pailoti ikatulia. Bi Mwanasiti akaniombea dua.

Nilichosahau ni kwamba jiko la mama yangu halina kuta tatu nyingine za mawe na mlango wa bati. Moto unapumua, na mimi nilikuwa nimeuziba pua.

Kesho yake hita ikazimika tena, mara hii si kwa upepo. Kitufe chekundu kilikuwa kimeruka. Nikabonyeza, nikawasha, ikaenda. Mchana ikazimika tena. Nikaing'oa swichi, nikaipima kwa mita, ilikuwa nzima. Nikairudisha, ikakata. Nikaipima thamokapo, ile fimbo ndogo ya shaba inayokaa ndani ya pailoti na kuihakikishia gesi kwamba moto upo. Nayo nzima. Gesi ilikuwa tele, maji yalipita vizuri. Kila nilichokipima kilikuwa kizima. Basi nikakata shauri kwamba swichi inakata ovyo, imeharibika kwa namna ambayo mita haioni. Swichi mpya ingetoka Ulaya kwa meli. Bi Mwanasiti hakuwa na muda wa kungoja meli.

Nikazitoa waya mbili kwenye swichi, nikazisokota pamoja, nikazifunga utepe mweusi. Kwa lugha ya mafundi, niliirukia swichi: umeme ukapita bila kuiuliza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na nitasema kweli, nilijivunia. Hita haikuzimika tena.

Siku ya tatu Bi Mwanasiti aliniambia kichwa kinamuuma na miguu haina nguvu. Nikamtania kwamba ni uchovu wa kukosa madebe ya kubeba. Akacheka kidogo, akarudi kukunja shuka.

Siku ya tano, baada ya adhuhuri, Fundi Rashidi alirudi. Nilimpa pole ya msiba, nikampa chai, kisha nikampa habari zangu.

"Hita ya kusini haijazimika siku nne."

"Ilikuwa na nini?"

"Swichi ya joto mbovu. Nimeirukia."

Akaweka kikombe chini. "Ilikuwa ikikata saa ngapi?"

"Mchana. Upepo ukichachamaa."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake ya siku niliyoziba matundu."

Alikimbia. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia kabla ya siku ile, wala sikumwona akikimbia tena. Alipofika kibandani hakuangalia hita. Alifunga mtungi kwa mkono mmoja na kusukuma mlango wa chumba cha shuka kwa mwingine. Bi Mwanasiti alikuwa amelalia rundo la shuka zilizokunjwa, uso umetulia, mkono mmoja bado umeshika foronya. Tulimbeba nje, tukamlaza mchangani, uso ukielekea upepo.

Wanawake wa dobi walikuja mbio. Mmoja alisema ni pepo, alikuwa akimwandama tangu juzi, ndiyo maana ya kichwa kuuma, na mwingine alikuwa tayari amekwenda kuleta chetezo na ubani amfukize. Fundi Rashidi akawazuia kwa mkono.

"Kilichomfika ni moshi," akasema. "Nanyi mnataka kumwongezea moshi?"

"Moshi uko wapi, Fundi? Chumba kilikuwa cheupe."

"Huu hauonekani wala haunuki. Melini nimewatoa watu wawili namna hii. Mmoja aliamka."

  Tulimtia kwenye gari la hoteli, akapelekwa hospitali Msambweni. Watoto wake wadogo watatu walipelekwa kwa mama yao mdogo, na nilipowapita njiani niliinamisha kichwa.

Nilibaki na Fundi Rashidi kwenye kibanda. Alikaa kwenye kigoda chake, akatazama makumba, akatazama matundu nyuma yake, akatazama waya nilizozisokota. Kisha akanieleza polepole, na ndilo somo la hita ninalowaachia. Hewa ya kuingia ilizibwa. Moto ukakosa pumzi, na hewa chafu ikashindwa kupanda dohani, ikafurika chini ya paa la kibanda ikiwa ya moto. Swichi ikaona joto lisilo mahali pake, ikakata. Ilikata mara zote kwa haki. Nilipoirukia, moto uliendelea kuwaka, na hewa ile ikatafuta njia, ikapata tundu la bomba.

"Uliipima swichi?" akaniuliza.

"Niliipima. Ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, ukaihukumu kuwa mbovu."

Basi, vijana, swichi ya joto ikikata, msianze na swichi. Ulizeni joto limetoka wapi. Tazameni hewa inayoingia, tazameni dohani, tazameni chokaa ndani ya pipa, tazameni nguvu ya gesi. Mkishamaliza yote hayo na hamkuona kitu, rudini mwanzo. Swichi iwe ya mwisho, na hata mkiiona imekufa, hita ilale mpaka mpya ije.

Siku ya pili meneja alituita. Alikuwa ameyaona makumba, na mtu alikuwa amemwambia yametoka Tiwi kwa Bi Mwanasiti. Kwake kesi ilikuwa imekwisha: mwanamke aliziba matundu ya hita bila ruhusa, akajidhuru mwenyewe, na akitoka hospitali asirudi. Waya hakuzitaja, kwa kuwa hakuzijua. Fundi Rashidi alikuwa akinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na miezi sita tu kazini, mama yangu Matuga alikuwa ameshawaambia majirani, na ulimi wangu ulikataa kunyanyuka. Tukaruhusiwa kutoka.

Nje Fundi Rashidi aliniambia jambo moja tu. "Mimi sitasema. Nikisema mimi, wewe utakuwa hujasema."

Nilikwenda kwa meneja kesho yake asubuhi, kabla hajanywa chai. Nilimwambia makumba niliomba mimi, nikayapigilia mimi, na swichi niliirukia mimi, Bi Mwanasiti hakujua matundu ni ya nini. Alinifukuza palepale. Baada ya wiki mbili nilirudishwa. Fundi Rashidi alimwambia meneja nini sikupata kujua, ila nilirudi nikiwa na amri ya kutogusa gesi mpaka mwisho wa mwaka. Bi Mwanasiti hakufukuzwa.

Katika wiki zile mbili nilikwenda Tiwi. Alikuwa ametoka hospitali, amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, bado anashika ukuta akisimama. Alinikaribisha vizuri, akamwambia binti yake alete maji. Hakuwa amejua. Alidhani nimekuja kumtazama mgonjwa kama wengine. Nikamweleza yote, waya na makumba, na jinsi nilivyonyamaza mbele ya meneja siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. Maji yalipoletwa, hakusema karibu.

Aliporudi kazini nilimwona asubuhi kwenye njia ya vyumba. "Asalaam aleikum, mama," nikasema. "Waaleikum salaam," akajibu, akipita. "Shikamoo." Akaendelea kutembea.

Ilikuwa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Salamu ya Mungu aliirudisha kila siku, kwa kuwa kuirudisha ni wajibu na yeye hakuwa mtu wa kumnyima Mungu haki yake kwa sababu yangu. Shikamoo, ambayo ni ya mtu na mtu, aliiacha ianguke chini. Hakunisema kwa watu, hakunipigia kelele, na kazi tuliifanya pamoja bila kasoro. Kwa anayetoka bara labda si kitu. Kwetu, mtu mzima asipoitikia shikamoo ya kijana, amekwambia hujawa mtoto wa mtu. Nilifikiria kuacha kumwamkia, ili niokoe uso wangu. Fundi Rashidi alinikataza. "Ya kwako ni kuamkia," alisema. "Ya kuitikia si yako." Kusi ikaisha, kaskazi ikaja ikapita, masika yakanyesha, na mimi nilikuwa nikimwamkia mwanamke aliyekuwa akipita.

Kusi ya mwaka wa pili ilipoanza, nilikuwa nimeruhusiwa gesi tena. Kibanda kilikuwa na kizuizi cha mawe, kimesimama hatua mbili mbele ya matundu, kinachovunja upepo bila kuzuia hewa, na tundu la bomba lilizibwa kwa saruji. Siku moja hoteli imejaa, mchana, hita ya kusini ikazimika. Nikaenda na kigoda. Kitufe chekundu kilikuwa kimeruka.

Fundi Rashidi alikuwa amelala kwa homa. Meneja akaja, nyuma yake mgeni mwenye povu la sabuni masikioni. Meneja akaniambia nibonyeze kitufe. Nikamwambia sitabonyeza.

"Kwa nini?"

"Sijajua kwa nini imekata."

"Bonyeza, halafu ujue."

"Hapana, bwana."

Alisema mengi, mengine kwa lugha yao. Bi Mwanasiti alikuwa kwenye mlango wa chumba cha shuka, na wahudumu wake walikuwa wameshaanza kwenda jikoni kuchukua madebe. Naye akachukua lake. Nikakaa. Nikatazama matundu, yalikuwa wazi. Mtungi ulikuwa na gesi ya kutosha. Nikapanda paa, nikang'oa kofia ya dohani, na ndani nikakuta kiota cha ndege, nyasi na manyoya na kamba ya katani, kimejaa mpaka ukingoni. Ilinichukua mpaka alasiri kukitoa chote, kusafisha, kuwasha, na kukaa saa nzima nikitazama kama joto linapanda sawasawa. Madebe yalipita nyuma yangu muda wote huo.

Asubuhi iliyofuata nilikutana na Bi Mwanasiti kwenye mlango wa chumba cha shuka. Alikuwa amebeba shuka mpaka puani, macho tu ndiyo yaliyoonekana.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam."

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Nipishe mlango, mwanangu, hizi ni nzito."

Nikampisha.